Radi Haitumwi na Mtu

SOMO LA SAYANSI

Mvua zikianza, sisi wakulima hufurahi. Lakini mvua huja pamoja na mgeni asiyependwa na mtu. Mgeni huyo ni radi. Radi inaua watu. Inaua ng'ombe. Inachoma nyumba.

Tena, radi ikishaua, mara nyingi huacha jambo jingine baya kijijini. Jambo hilo ni minong'ono. "Je, nani ameituma?" Watu huanza kumtazama bibi kizee fulani, au jirani aliyegombana na marehemu juu ya mpaka wa shamba. Mtu asiye na kosa huitwa mchawi. Hutengwa, hufukuzwa, hupigwa, na pengine huuawa. Basi radi moja imeleta misiba miwili.

Msiba wa kwanza tunaweza kuupunguza. Msiba wa pili tunaweza kuufuta kabisa. Kinachotakiwa ni kujua radi ni kitu gani, inatoka wapi, na inafuata njia gani. Hilo ndilo somo letu la leo. Lisomeni pole pole, na yule asiyejua kusoma msomeeni.

1. TUANZE NA JARIBIO DOGO

Chukua kalamu ya plastiki, au kitana cha plastiki. Chukua karatasi uichane vipande vidogo vidogo, kama punje za mtama. Viweke mezani. Sogeza kalamu karibu na vipande hivyo. Hakuna kitu. Vimetulia.

Sasa isugue kalamu hiyo kwenye nywele zako kavu, upesi upesi, mara 20 au 30. Isogeze tena karibu na vipande vya karatasi. Kumbe! Vipande vinaruka na kuishika kalamu. (Fanya jaribio hili siku ya jua kali. Siku ya unyevu halifanyi kazi vizuri.)

Je, kalamu imerogwa? La, hata kidogo. Tuone kilichotokea.

Kila kitu duniani kina chaji ndani yake. Jiti lina chaji, jiwe lina chaji, mwili wako una chaji. Chaji ziko za aina mbili: chaji chanya na chaji hasi. Kwa kawaida zinalingana, kwa hiyo hatuzioni wala hatuzihisi. Lakini vitu viwili vikisuguana, chaji hasi huhama kutoka kitu kimoja kwenda kingine. Kimoja kinabaki na nyingi kupita kiasi, kingine kinapungukiwa.

Sasa kuna sheria moja ya kukumbuka. Chaji za aina moja husukumana. Chaji za aina mbili huvutana. Chaji zilizotengana hutafuta njia ya kurudiana. Zikipata njia, hukimbia. Mwendo huo wa chaji ndio umeme.

Wengine mmekwisha kuuona umeme huu usiku. Unavua nguo ya nailoni gizani, unasikia inalia "ta-ta-ta", na unaona cheche ndogo. Ile ni radi ya mtoto. Mwanga wake mdogo ndio umeme, mlio wake mdogo ndio ngurumo.

2. WINGU LINAVYOJAZA CHAJI

Jua linapiga ardhi. Ardhi inapata joto, na hewa iliyo juu yake inapata joto pia. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo inapanda, kama moshi wa jikoni unavyopanda. Inapanda na unyevu wake. Huko juu kuna baridi kali. Unyevu unageuka matone ya maji, na juu zaidi unageuka barafu. Ndiyo maana mvua ya mawe huanguka hata katika nchi yetu ya joto.

Wingu la radi ni refu sana. Kutoka chini yake mpaka kileleni linaweza kupita kilometa 10. Ndani yake upepo mkali unapanda na kushuka. Vipande vya barafu vinagongana na kusuguana bila kupumzika. Hapo ndipo mambo ya kalamu na nywele yanapotokea, ila kwa nguvu kubwa mno. Vipande vyepesi vinachukuliwa juu pamoja na chaji chanya. Vile vizito vinabaki chini pamoja na chaji hasi.

Basi tumbo la wingu limejaa chaji hasi. Chaji hizo zinazivuta chaji chanya za ardhini, nazo zinakusanyika juu ya ardhi, hasa kwenye vitu virefu: miti, minara, mapaa, na hata mtu aliyesimama peke yake uwanjani. Hewa iliyo katikati inazuia zisikutane, kwa maana hewa haipitishi umeme kwa urahisi. Lakini chaji zikizidi mno, hewa inashindwa, kama tuta la bwawa linavyoshindwa na maji mengi. Umeme unapasua njia na kushuka. Hiyo ndiyo radi.

Tazameni pia lugha yetu. Ule mmweko wa mawinguni wazee wetu waliuita umeme. Nguvu inayopita katika nyaya ilipokuja, nayo ikaitwa umeme. Jina limefaa kabisa, maana vitu hivyo viwili ni kitu kimoja.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Benjamin Franklin, alilichunguza jambo hili. Mwaka 1752 alirusha kishada wakati wa mawingu ya radi, akiwa amefunga ufunguo wa chuma kwenye uzi. Ufunguo ukatoa cheche. Lakini msijaribu! Mwaka uliofuata, 1753, mtaalamu Georg Richmann aliuawa na radi huko Urusi alipokuwa akichunguza umeme wa mawinguni.

3. KWA NINI UMEME HUTANGULIA NA NGURUMO HUFUATA?

Umeme wa radi unapopita, unaichemsha hewa mpaka nyuzi 30,000 hivi za Selsiasi. Maji huchemka kwa nyuzi 100. Hata uso wa jua una nyuzi 5,500 hivi tu. Hewa iliyochemshwa ghafla namna hiyo inatanuka kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho ngurumo.

Kwa hiyo umeme na ngurumo huzaliwa pamoja, lakini mwendo wao si mmoja. Mwanga huenda kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Sauti huenda mita 340 hivi tu kwa sekunde. Basi mwanga unafika papo hapo, na sauti inakuja nyuma yake.

Hapa tunapata kipimo kizuri kisicho na gharama. Ukiona umeme, anza kuhesabu bila haraka: "mia na moja, mia na mbili, mia na tatu..." Kila namba ni kama sekunde moja. Ukisikia ngurumo, acha. Kila sekunde 3 ni kama kilometa 1.

Mfano: Umeona umeme, ukahesabu sekunde 6, ukasikia ngurumo. Sekunde 6 mara mita 340 ni mita 2,040. Radi imepiga mbali kidogo kuliko kilometa 2 kutoka ulipo.

Je, kilometa 2 ni mbali? Si mbali kabisa! Radi inaweza kuruka kilometa 10 na zaidi kutoka ubavuni mwa wingu. Kwa hiyo shikeni kanuni hii: ukihesabu sekunde 30 au chini yake, acha kazi, ingia mahali pa salama. Na ngurumo ya mwisho ikishalia, ngoja dakika 30 kabla ya kutoka.

4. KWA NINI RADI NYINGI ZIKO KWETU?

Kuna watu wa mbali wasemao kwamba Sumbawanga watu hutengeneza radi. Hebu tuitazame ramani. Sumbawanga iko juu ya uwanda wa Ufipa, kimo cha mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari. Magharibi yake kuna Ziwa Tanganyika. Mashariki yake kuna Ziwa Rukwa. Maziwa yanatoa unyevu, na nyanda za juu zinaisukuma hewa hiyo ipande. Unyevu na hewa inayopanda ndivyo vitu viwili vinavyounda wingu la radi. Hakuna mtu anayetengeneza.

Ziwa Victoria nalo ni hivyo hivyo. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, unapanda, na jioni tunapata radi huku kwetu. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Upepo unatoka pande zote za nchi kavu kwenda ziwani, unakutana katikati, unapanda, na radi zinapiga ziwani usiku. Ndugu wavuvi wanalijua jambo hilo vizuri, maana ndio wanaolipia.

Mwaka 2016 wataalamu walitoa orodha ya mahali penye radi nyingi kuliko pote duniani, kwa picha za satelaiti za miaka mingi. Wa kwanza ni Ziwa Maracaibo, nchi ya Venezuela. Wa pili ni Kabare, katika Kongo, karibu na Ziwa Kivu. Mnaona? Mahali pote pawili pana ziwa na milima. Radi hufuata ziwa na mlima. Haifuati ugomvi wa watu.

5. MASWALI AMBAYO WATU HUULIZA

Pengine msomaji utasema, "Hayo ni ya vitabuni. Mimi nimeona kwa macho yangu mambo ambayo si bure." Haya, tuyatazame hayo mambo moja moja.

"Mbona radi imeua ng'ombe 10 wa mtu mmoja, na wa jirani hawakuguswa?"

Kwa sababu ng'ombe wa mtu mmoja huchungwa pamoja, na mvua ikija hujikusanya chini ya mti mmoja. Radi ikipiga mti ule, umeme unashuka na kutawanyika ardhini. Ng'ombe miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbali. Umeme unaingia mguu mmoja na kutokea mwingine, na moyo uko katikati ya njia hiyo. Kwa hiyo hufa wengi kwa pigo moja. Ng'ombe wa jirani hawakuwa chini ya mti ule. Hiyo tu.

"Mbona tulikuwa watu watatu mahali pamoja, akafa mmoja?"

Kwa sababu umeme hautawanyiki sawasawa. Mmoja aliegemea mti. Mwingine alisimama miguu imetanuka. Wa tatu alichuchumaa miguu imeshikana. Tofauti ya hatua mbili tu inaweza kutenga uhai na kifo.

"Mbona imepiga nyumba ile ile mara mbili?"

Kama nyumba iko juu ya kilima, au karibu yake kuna mti mrefu kuliko yote, radi itaupata mahali hapo urahisi ule ule kila mwaka. Si kweli kwamba radi haipigi mahali pamoja mara mbili. Minara mirefu hupigwa mara nyingi.

"Mbona ilipiga hata kabla ya mvua?"

Tumekwisha kusema kwamba radi huruka kilometa 10 na zaidi. Mvua inaweza kuwa kijiji cha pili, na juu yako kukawa kweupe.

"Mbona mzee fulani alisema 'Utaona!', na baada ya siku tatu radi ikapiga?"

Hili ndilo swali gumu, maana ndilo linaloua watu. Tufikiri pamoja. Kijijini watu hugombana kila wiki. Mara ngapi mtu amesema "Utaona!" na lisitokee lolote? Mara nyingi mno, lakini hizo tumezisahau. Ile moja iliyokutana na msiba ndiyo tunayoikumbuka. Na kama mzee yule angeweza kuituma radi, mbona nyumba yake inavuja na mbuzi wake wanaibwa? Mwenye nguvu za namna hiyo asingekula mlo mmoja kwa siku.

Tena jueni kwamba Tanzania ina Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928. Kumtangaza mtu kuwa ni mchawi ni kosa la jinai. Na kumpiga au kumwua ni kosa kubwa zaidi, hata kama kijiji kizima kilikubaliana.

6. TUJIKINGE NAMNA GANI?

(a) Ukiwa shambani, ukisikia ngurumo, ondoka. Usijikinge mvua chini ya mti. Afadhali kulowa kuliko kufa.

(b) Nyumba kubwa imara yenye nyaya za umeme na mabomba ya maji ni salama zaidi. Gari au basi lenye bodi na paa la chuma, milango na madirisha vikiwa vimefungwa, ni salama pia. Baiskeli na pikipiki si salama.

(c) Nyumba ya udongo na nyasi haizuii radi. Kama huna nyingine, kaa katikati ya chumba, mbali na ukuta, nguzo na mlango. Mabati nayo hayaiiti radi, lakini peke yake hayatoshi kukukinga.

(d) Ukikutwa uwanjani bila pa kukimbilia, shuka bondeni, uache kilele cha kilima. Ondoka kwenye maji na kwenye ua wa waya. Mkiwa wengi, tawanyikeni. Pigo likija, msipigwe wote. Kama pigo liko karibu sana, chuchumaa ukiwa umeshikanisha miguu. Usilale chini.

(e) Wavuvi, tazameni anga kabla ya kuondoka. Mkisikia ngurumo mkiwa karibu na pwani ya ziwa, rudini. Juu ya maji tambarare, ninyi na mlingoti wenu ndicho kitu kirefu kuliko vyote.

(f) Simu ya mkononi haiiti radi. Lakini simu iliyochomekwa kwenye umeme wa nyumba ni hatari wakati wa radi. Chomoa simu, redio na televisheni mapema, kabla radi haijakaribia.

7. MTU AKIPIGWA NA RADI

Wengi hudhani kwamba aliyepigwa na radi ana umeme mwilini, kwa hiyo huogopa kumgusa. Huo ni uongo unaoua! Umeme umekwisha kupita. Mguseni bila hofu.

Mara nyingi moyo au pumzi imesimama tu, na anaweza kurudi. Msipoteze muda kumfukia kwa udongo wala kumtafuta mganga. Kama hali ya hatari imepungua, au mmekwisha kumhamishia mahali pa salama, fanyeni hivi upesi:

Kwanza, mlazeni chali, mwangalie kama anapumua.

Pili, kama hapumui, weka mikono yako miwili katikati ya kifua chake, mmoja juu ya mwingine. Bonyeza kwa nguvu, kiasi cha sentimeta 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Acha kifua kirudi juu kila mara.

Tatu, anayejua kumpulizia pumzi mdomoni, kila baada ya kubonyeza mara 30 ampulizie mara 2.

Nne, pokezaneni, msiache, mpaka apumue au mhudumu wa afya afike. Hata aliyezinduka apelekwe zahanati.

Wakiwa wengi wamelala, anzeni na yule asiyepumua. Anayelia na kugaagaa anaweza kungoja kidogo.

8. SHULE ZETU NA KIZUIA RADI

Tarehe 28 Juni, 2011, radi ilipiga shule ya msingi moja katika wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao, wote kwa pigo moja. Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi 6 wa shule ya msingi moja mkoani Geita, hapa Tanzania. Watoto wengi ndani ya chumba kimoja, mvua inanyesha. Picha hiyo tunayo katika kila kijiji.

Dawa ipo, nayo ni kizuia radi, ambacho wengine hukiita mtego wa radi. Ni fimbo ya chuma au shaba iliyosimamishwa juu ya paa. Kutoka kwenye fimbo hiyo waya mnene unashuka nje ya ukuta mpaka ardhini, na huko umefungwa kwenye vyuma vilivyozikwa katika udongo wenye unyevu. Kifaa hiki hakiifukuzi radi. Kazi yake ni kuipa njia. Umeme unashuka kwenye waya na kuingia ardhini, badala ya kupita katika ukuta na watoto. Ni kama mfereji unaochimbwa kando ya nyumba ili mafuriko yapite nje.

Kazi hii ifanywe na fundi anayeijua, na ikaguliwe. Waya uliokatika au ulioibwa ni hatari. Kila mwaka, kabla ya mvua, kamati ya shule iutazame waya huo kutoka juu mpaka chini. Shule ambayo haina kizuia radi, wazazi walilete jambo hilo katika mkutano wa kijiji. Wakati huo huo, mwalimu aweke wanafunzi mbali na kuta, madirisha na milango, wala asiwaruhusu kukimbia nje kucheza mvua.

Ndugu wasomaji, fedha ambazo watu humpa mpiga ramli ili amtaje mtuma radi, zikikusanywa, zinaweza kuanza kununua waya huo. Mpiga ramli ataacha mtu mmoja amelia na kijiji kimegawanyika. Waya utawalinda watoto wa wote, wa mtuhumiwa na wa mtuhumu.

MASWALI

1. Kwa nini vipande vya karatasi viliruka na kuishika kalamu?
2. Kwa nini tunaona umeme kwanza, kisha tunasikia ngurumo?
3. Juma ameona umeme akahesabu sekunde 12 ndipo akasikia ngurumo. Radi ilipiga umbali wa mita ngapi?
4. Baada ya dakika kumi amehesabu sekunde 5 tu. Je, radi inakaribia au inakwenda zake? Afanye nini?
5. Zungumzeni katika kikundi chenu: Radi ikiua mtu kijijini kwetu, tutasema nini kwa wale wanaotafuta mchawi?

MANENO YA KUJIFUNZA

Chaji: nguvu ya umeme iliyomo katika kitu; iko chanya na hasi.
Cheche: mwanga mdogo unaoruka ghafla.
Unyevu: majimaji yaliyomo hewani au katika udongo.
Kishada: karatasi au kitambaa kinachorushwa angani kwa uzi, tiara.
Mtuhumiwa: mtu anayesemwa kuwa ana kosa.

MAJIBU YA HESABU

Swali la 3: 340 mara 12 ni mita 4,080, yaani kama kilometa 4.
Swali la 4: 340 mara 5 ni mita 1,700. Radi inakaribia. Juma aache jembe, aingie mahali pa salama sasa hivi.